Sungura na Mlinzi wa Shamba: Historia ya Kasese na Bwera

Mkulima wa maharage katika nyanda za Kasese akiamka alfajiri na kukuta miche yake imeharibiwa, jambo la kwanza alifanyalo ni kuinama na kulitazama jeraha la mche. Ukiwa umeng'olewa na kutupwa kando, humlaumu nyani. Udongo ukiwa umefukuliwa kwa pua, hapo alipita nguruwe mwitu. Tuta zima likiwa limelazwa chini na nyayo pana zimejaa maji, hahitaji kuuliza: kiboko alipanda usiku kutoka ziwani. Lakini shina likiwa limekatwa safi, kwa mshazari, kana kwamba mtu alipita na wembe, na kando yake pana vinyesi vidogo vya mviringo vikavu kama punje, basi mgeni wa usiku alikuwa sungura. Hasara yake kwa usiku mmoja ni ndogo. Akirudi juma zima katika kishamba cha mjane, aweza kumaliza mistari mitatu minne ya maharage machanga kabla hayajakomaa majani.

Katika makala haya twakusudia kusimulia jinsi wakulima wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, walivyolinda mashamba yao tangu zamani hadi leo, na jinsi sheria zilivyowajia juu ya jambo hilo. Sungura tumemtanguliza makusudi. Habari za wanyama pori wa nchi hii zilizoandikwa vitabuni zimejaa tembo, simba na viboko, na huyu mdogo hakuandikiwa sana. Hata hivyo yeye, pamoja na nguruwe mwitu, nyani na ndege, ndiye aliyeamua miaka mingi ni mtoto gani atakayelala dunguni na ni yupi atakayekwenda shule.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, hatuna budi kukiri kosa moja la sisi walimu wa Kiswahili. Neno "sungura" tunalitumia kwa wanyama wawili walio mbalimbali. Yuko sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni Ulaya. Huyu huchimba mashimo, huishi kwa makundi, na watoto wake huzaliwa uchi na macho wameyafumba. Na yuko sungura wetu wa porini, wa savana, ambaye hachimbi shimo. Hulala mchana kutwa katika kitako cha nyasi alichokibonyeza kwa mwili wake, akiwa peke yake, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Kamusi za zamani zilikuwa na maneno ya ziada, kititi na kitungule, ambayo leo wanafunzi wetu wengi hawayajui. Tena Uganda ina mnyama wa tatu, mwenye manyoya makavu na masikio mafupi kidogo, ambaye wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1929 kutokana na mfano uliopatikana karibu na Masindi katika Bunyoro.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya maneno tu. Vitabu vya kilimo vilivyoandikwa Ulaya humwagiza mwenye bustani auzungushe wavu wa waya na kuufukia chini ya ardhi, sungura asipenye kwa kuchimba. Mkulima wetu akitafsiriwa agizo hilo kwa neno "sungura" bila maelezo, atatoa jasho na fedha kufukia waya dhidi ya mnyama asiyechimba. Sungura wa porini hupita penye mwanya uliopo tayari: chini ya lango, baina ya fito zilizoachana, mahali mbuzi alipobomoa ua. Ua wa fito zilizosongamana, wenye kimo cha kiunoni, watosha kumzuia, mradi mwenye shamba aukague kila jioni. Wako pia wanaonyunyizia miche majivu au maji ya samadi ili majani yasipendeze kinywani, na dawa hiyo hudumu mpaka mvua inyeshe.

Huko Australia, ambako sungura wa Ulaya aliachiwa porini na bwana mmoja, Thomas Austin, mwaka 1859 ili wapate kumwinda kwa starehe, mnyama huyo aliongezeka hata serikali ya upande wa magharibi ikajenga ua wa kumzuia wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,800, uliokamilika mwaka 1907. Alikuwa ameshaupita kabla haujakwisha kujengwa. Sungura wa Kasese hakuletwa na mtu. Alikuwapo kabla ya mashamba, naye ana maadui zake: chui, mbweha, chatu, bundi, na hapo zamani mwanadamu.

Nchi tunayoisimulia imekaa hivi. Upande wa magharibi imesimama milima ya Rwenzori, na chini yake nyanda zenye joto zashuka mpaka ziwa George na ziwa Edward. Mji wa Kasese uko katika nyanda hizo. Bwera iko kusini zaidi, chini ya milima, karibu na mto Lhubiriha na soko la mpakani la Mpondwe. Ukivuka hapo umefika Kasindi katika Kongo. Wakonzo ndio wenyeji wa milimani na vilimani, watu wa muhogo, maharage, migomba na kahawa. Wasongora ni wafugaji wa nyanda. Kiswahili kiliingia huku kwa njia ya biashara, jeshi na migodi, nacho bado ni lugha ya sokoni hapo Mpondwe.

Zamani hizo ulinzi wa shamba ulikuwa na sehemu mbili zisizotengana. Sehemu ya kwanza ni kukesha. Kwa Kiswahili tuna kitenzi kizuri cha kazi ya mchana, kuamia, yaani kukaa juu ya ulingo na kuwafukuza ndege walao nafaka. Kazi ya usiku ilifanyika dunguni, penye moto mdogo na kitu cha kugonga. Sehemu ya pili ni kuwinda. Wanaume wa kitongoji walikusanyika na mikuki, nyavu na mbwa waliovikwa njuga za mti shingoni, wakaufagia msitu mdogo uliopakana na mashamba. Nguruwe mwitu, paa, nungunungu na sungura waliolalia humo wakakimbilia wavuni. Wakonzo walikuwa, na wengine wangali, na mzimu wa uwindaji aitwaye Kalisya, ambaye husimuliwa kuwa na nusu ya mwili: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Mwindaji alimjengea kibanda kidogo na kumwekea sehemu yake kabla ya kugawa nyama.

Twaomba msomaji alishike jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yetu. Aliyelinda shamba ndiye aliyekula nyama. Mnyama aliyekula maharage aliyalipa kwa mwili wake, na mtoto aliyekesha dunguni alikuwa na haki ya kipande. Shamba lenyewe lilikuwa mtego, na maharage machache yaliyopotea yalikuwa chambo. Kwa hiyo kukesha hakukuwa hasara tupu. Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa ya raha. Palikuwapo njaa, na palikuwapo watu waliouawa na nyati. Twasema tu kwamba hesabu ya mkulima ilikuwa na pande mbili.

Hesabu hiyo ilianza kuvurugika mwishoni mwa karne ya 19. Sotoka iliangamiza ng'ombe wa nyanda hizi katika miaka ya 1890, na pamoja nao nyati na wanyama wengine wa jamii hiyo. Katika wakati uo huo Kapteni Lugard alipita mwaka 1891, akajenga ngome Katwe penye ziwa la chumvi. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, yalikuja malale, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kandokando ya maziwa. Mashamba yao yakageuka vichaka. Wanyama waliporudi kuongezeka walikuta nchi isiyo na mkuki wala mbwa, na wazungu waliofika baadaye waliitazama nchi hiyo wakadhani haijapata kukaliwa. Hapo pakatengwa hifadhi za wanyama karibu na ziwa George na ziwa Edward.

Upande wa pili, wakulima wa Uganda nzima walikuwa wakilia juu ya tembo. Yakadiriwa kwamba mwaka 1929 tembo walitembea katika sehemu 70 kwa 100 za nchi. Ilipofika mwaka 1959 walibaki katika sehemu 17 tu. Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Serikali iliunda idara ya kuwadhibiti, na mwaka 1925 Kapteni C.R.S. Pitman akashika cheo cha bwana nyama wa Uganda, akakaa nacho mpaka mwaka 1951. Askari wa idara yake walikuwa na bunduki, nao waliitwa tembo walipoingia mashambani. Kumbe hapa ndipo ulipozaliwa mpango ambao athari zake twaziona hata leo: mnyama mkubwa akawa shauri la serikali, mnyama mdogo akaachiwa mwenye shamba. Bwana nyama hakupeleka bunduki Bwera kwa ajili ya sungura, na hatumlaumu kwa hilo. Lakini zile nyavu na mikuki ambazo mwenye shamba alizitumia kwa wadogo ndizo zilizoanza kutazamwa kuwa silaha za majangili.

Mwaka 1952 nyanda zilizo baina ya maziwa zilifanywa hifadhi ya taifa, kwa jina la Kazinga. Miaka miwili baadaye, malkia wa Uingereza alipozuru, ikapewa jina lake, Queen Elizabeth. Katika utawala wa Idi Amin iliitwa Rwenzori, kisha mwaka 1991 ikarudishiwa jina la malkia. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,978. Vijiji vya wavuvi na wachimba chumvi, kama Katwe, Hamukungu na Kayanja, vilibaki ndani yake kama visiwa, na wakaao humo hawakuwa huru kulima wapendavyo. Msitu wa mlimani, uliokuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1941, nao ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mkulima wa Kasese akajikuta katikati: juu yake hifadhi, chini yake hifadhi.

Liko jambo moja la miaka hiyo ambalo halisimuliwi sana. Kuanzia mwaka 1957 wakuu wa hifadhi waliwapiga risasi viboko kwa maelfu, kwa mpango maalumu, kwa sababu viboko walikuwa wamezidi na kumaliza nyasi kandokando ya maji. Wataalamu walikuja, mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha utafiti Mweya, na vitabu vikaandikwa. Hatupingi kazi hiyo. Ilifanywa kwa hesabu na kwa makini. Ila mzee mmoja wa upande wa Nyakiyumbu, ambaye sasa ni marehemu, alituambia zamani kwa sauti ya upole kwamba katika maisha yake yote aliona nyasi za kiboko zikipata mtetezi upesi kuliko maharage yake.

Wakati huohuo watu waliongezeka. Mgodi wa shaba wa Kilembe na reli ya kutoka Kampala vilifunguliwa mwaka 1956, wakaja vibarua wa makabila mengi. Mpango wa umwagiliaji wa Mubuku ukafuata katika miaka ya 1960, na pamba ikalimwa mpaka karibu na mpaka wa hifadhi. Watu wengi walishuka kutoka milimani, wengine kwa kutafuta ardhi, wengine kwa kukimbia misukosuko ya Rwenzururu, iliyoanza mwaka 1962 na kudumu miaka 20. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilikuta wilaya ya Kasese ina watu takriban 695,000. Mashamba yamekuwa madogo, vichaka vilivyokuwa maskani ya nguruwe na sungura vimebaki vipandevipande baina ya shamba na shamba, na mnyama afukuzwaye kwa jirani huja kwako.

Miaka ya Amin na ya vita vya 1979 ilileta msiba wa namna nyingine. Askari na majangili waliwaua wanyama ovyo. Tembo wa hifadhi, waliokuwa maelfu, walibaki karibu 150 tu mwaka 1980, na wengine walivuka kwenda Kongo. Sisi tulizaliwa karibu na wakati huo. Tulipokuwa wadogo tembo alikuwa habari ya wazee. Usiku tulilinda nguruwe na sungura, mchana tulilinda nyani na ndege, na hatukujua kwamba upungufu wa tembo ulikuwa wa muda. Walirudi. Katika miaka ya 2000 walihesabiwa zaidi ya 2,500, jambo ambalo ni la kujivunia kwa nchi nzima na la kukosesha usingizi kwa wakaao mpakani.

Sasa tuzitazame sheria, kwa kifupi, maana kuzisoma zote ni kazi ya mawakili. Mwaka 1996 idara ya wanyama na shirika la hifadhi viliunganishwa, likazaliwa Shirika la Wanyamapori la Uganda. Sheria ya mwaka huo iliagiza sehemu 20 kwa 100 ya kiingilio cha hifadhi zirudi kwa wenyeji wa mipakani, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sheria hiyo haikuruhusu fidia ya mazao yaliyoliwa. Nguruwe mwitu, nyani na ngedere walitangazwa kuwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti ikawekwa mikononi mwa serikali za wilaya. Wilaya ina askari wachache na vijiji vingi. Kisha sheria mpya ya mwaka 2019 ikaleta fidia kwa mara ya kwanza, kwa hasara na vifo vinavyosababishwa na wanyama walioorodheshwa. Tembo yumo, simba yumo. Sungura hamo.

Hatutaki kueleweka vibaya. Hakuna mtu mwenye akili atakayemtaka mbunge asimame na kudai fidia ya sungura. Fidia ina gharama ya kuthibitisha: lazima afike ofisa, apime, aandike, atie sahihi. Mistari mitatu ya maharage haistahili safari hiyo. Hoja yetu ni nyingine. Katika ule mpango wa zamani, mnyama mdogo alilipwa kwa nyama. Katika mpango wa sasa mnyama mkubwa hulipiwa kwa fedha, walau kwa sheria. Wa katikati na wadogo hawalipiwi kwa lolote. Kutega tanzi ndani ya hifadhi ni kosa kubwa, na hata nje yake kuwinda bila ruhusa ni kosa. Kilichobaki cha urithi wa mababu ni kukesha peke yake. Ule upande mwingine wa hesabu umefutwa, na kazi imebaki palepale.

Nani basi akeshaye? Baba akiwa mjini, au ng'ambo ya Mpondwe kwa biashara, na mama akiwa na mtoto mchanga, hubaki bibi na wajukuu. Uganda ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 1997, na madarasa yetu yakajaa watoto mpaka wengine wakakaa sakafuni. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini hakuna aliyesimama akauliza dungu litakaliwa na nani. Kasese ina misimu miwili ya mvua: ya kwanza huanza Machi, ya pili Agosti au Septemba. Muhula wa tatu wa shule huanza Septemba. Kwa hiyo maharage machanga na kalamu za mwisho wa mwaka huja pamoja, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanyika Novemba, wakati mahindi yanapokomaa na nguruwe wanapoyanusia.

Mwalimu akilifungua daftari la mahudhurio la muhula huo aweza kuisoma hali ya mashamba bila kutoka darasani. Watoto wa mjini wapo. Watoto wa sokoni wapo, isipokuwa siku ya soko. Watoto wa mpakani wana vistari vya kutokuwapo vilivyopangana kama fito za ua, na siku wanapokuja huja wakiwa na macho mekundu. Tumepata kumwona mvulana aliyelala usingizi mzito katikati ya somo letu la ngano, na ngano yenyewe ilikuwa ile ya sungura aliyeiba akanaswa kwa ulimbo. Wenzake walicheka kwa furaha sungura alipomdanganya fisi. Yeye alipoamshwa akaulizwa amejifunza nini kutokana na hadithi, alijibu kwamba wale wanyama walikosea kuweka ulimbo mahali pamoja tu. Tulimpa alama zote.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo katika historia. Ngano zetu, ziwe za Wakame kwa watu wa Toro na Nkore, au za Wakayima kwa Waganda, au za Sungura kwa Waswahili, humsifu mdogo mwerevu dhidi ya wakubwa wapumbavu. Vitabu vya shule huzimalizia kwa swali, "Nani mwerevu?" Darasani mwetu tumeanza kuuliza pia, "Na shamba lilikuwa la nani?" Tumepata majibu marefu kuliko tuliyozoea, hasa kutoka kwa wale wasiosema kitu katika masomo mengine, na msamiati wa dungu, ulingo, kuamia, tanzi na ulimbo, ambao ulikuwa ukifa vitabuni, tumeukuta u hai vinywani mwao, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Kikonzo, tukauandika ubaoni pande mbili.

Njia za ulinzi zilizojaribiwa siku hizi ni nyingi. Yamechimbwa mahandaki mpakani dhidi ya tembo, umepandwa ua wa miiba, imetundikwa mizinga ya nyuki, imechomwa pilipili pamoja na kinyesi cha tembo, na katika sehemu kadhaa za mpaka umevutwa ua wa umeme. Zote zina faida mahali pake. Handaki humsimamisha tembo mpaka mvua ilibomoe. Nguruwe hushuka na kupanda upande wa pili, na sungura huliona kuwa mahali pazuri pa kujikinga na upepo. Njia ambayo tumeona ikiwafaa watu wa mashamba madogo haikutoka katika ofisi yoyote. Ni kuunganisha mashamba, majirani wapande zao la aina moja kwa wakati mmoja, wafyeke vichaka vilivyo katikati, wazungushe ua mmoja badala ya sita, na wakeshe kwa zamu.

Miaka michache iliyopita tulikwenda, sisi walimu watatu, kwa bibi mmoja wa upande wa tambarare chini ya Bwera, ambaye mjukuu wake alikuwa amekosa shule siku 11 katika mwezi mmoja. Mtoto alikuwa wa darasa la sita, hodari wa hesabu. Tulisalimia, tukaketi, tukaeleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, kisha akasema:

"Walimu wangu, nimewasikia. Mchukueni leo hii. Ila mmoja wenu abaki, alale dunguni mahali pake."

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye kijana kati yetu, alijaribu kucheka, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza. Tulirudi kimya. Jumapili iliyofuata jambo hilo lilizungumzwa na wazazi baada ya ibada, si kwa uhodari wetu bali kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa ameanza kulisimulia kama kichekesho juu ya walimu. Nyumba sita zikakubaliana. Dungu moja lilijengwa mahali panapoonekana mashamba yote sita, na watu wazima wakagawana zamu, usiku mmoja mmoja, siku ya saba ikawa ya vijana waliokwisha kuacha shule, wakilipwa kwa debe la maharage wakati wa mavuno. Mwalimu yule kijana aliomba zamu moja akapewa. Alitusimulia kwamba baridi ya saa kumi za usiku haimo katika vitabu vya ualimu.

Mpango huo haukuwa bila kasoro. Nyumba moja ilijitoa kwa ugomvi wa mbuzi. Usiku mmoja wa Oktoba mlinzi alisinzia, na asubuhi bibi akakuta mistari miwili ya maharage yake imekatwa kwa mshazari, safi kabisa, kuanzia penye mwanya wa chini ya lango. Aliinama akatazama, akaokota fito mbili, akauziba mwanya, akamwita mjukuu wake aje anywe uji upesi, maana kengele ya shule ilikuwa karibu kulia.